Mix, blend, merge au permeate? Jinsi ya kuchagua neno la Kiingereza la kuchanganya, kuungana na kuenea

Bofya neno "mix" kwenye programu ya kuandikia, omba visawe, na orodha itashuka: blend, combine, merge, mingle, fuse, unite, amalgamate. Bofya mojawapo na utapewa mengine, mpaka ufike kwa permeate, pervade na infuse. Yote yamepangwa mstari mmoja, kana kwamba unaweza kuokota lolote na sentensi ikasimama. Anayeandika ripoti ya mradi, barua ya maombi ya kazi au tasnifu kwa Kiingereza huku akifikiri kwa Kiswahili hukwama hapo, na mara nyingi huishia kuchukua lile lililo refu zaidi.

Kukwama huko kuna sababu yake. Kiswahili hufanya kazi hii kwa mizizi michache na viambishi vingi. Changanya hutupa changanyika, changanyikana na changanyikiwa. Unga hutupa ungana, unganisha na unganishwa. Enea hutupa eneza na enezwa. Mzizi unabaki palepale, mkia ndio unaobadilika. Kiingereza hubadilisha neno zima, na kila neno huja na habari yake ndani: vitu vimekutana vipi, nani kamwingilia nani, na mwisho kimebaki nini. Kwa miaka nimekuwa nikisahihisha maandishi ya Kiingereza ya watu wa kwetu, na ninashikilia kwamba hilo la mwisho ndilo swali la kuanzia. Uzuri wa neno uje baadaye.

Vigezo vinne

Kila neno hapa chini nimelipima kwa mambo yale yale.

*Kinachobaki:* baada ya kukutana, vitu vinaonekana bado kila kimoja, vimeyeyukiana, au kimoja kimemeza kingine?

*Mwelekeo:* vimekutana sawa kwa sawa, au kimoja kimeingia ndani ya kingine?

*Sarufi:* neno linataka kihusishi gani (with, into, to), na linataka yambwa, yaani kitu kinachotendwa, au halitaki? Makosa mengi huzaliwa hapa, kwa sababu tunazibeba "na" na "kwa" zetu na kuzipeleka zisikohitajika.

*Mahali pake:* maabara, jikoni, kikao cha bodi, mahakama, shairi.

Kisha nasema linamfaa nani. Maneno haya hayashindani. Kila moja lina zamu yake.

Mix, pamoja na mingle

*Kinachobaki:* "mix" haliahidi kitu. Karanga na zabibu kavu ndani ya pakiti moja ni "mixed", na unaweza kuzitenga kwa kidole. Simiti, mchanga na kokoto kwa kipimo cha 1:2:4 nazo ni "mixed", na zege likishakauka hakuna wa kuzitenganisha. Neno linasema tu kwamba vitu vimewekwa pamoja vikachanganyika, basi. "Mingle" ni tofauti kidogo: linasisitiza kwamba kila mmoja amebaki alivyo. Wageni kwenye tafrija "mingle", wanazunguka na kuongea, kisha kila mtu anarudi kwake.

*Mwelekeo:* sawa kwa sawa. Ukitaka kuonyesha kwamba kitu fulani kinaongezwa ndani ya kingine ambacho tayari kipo, tumia "mix in": "Mix in the coconut milk."

*Sarufi:* "mix A with B" au "mix A and B". Angalia sana "mix up". Hilo ni kuchanganya kwa kukosea, yaani kudhani hiki ni kile. Kwetu kitenzi kimoja kinabeba maana zote mbili, kwa hiyo mtu huandika "I mixed the two files" akimaanisha alipeleka faili siyo, ilhali msomaji anaona karatasi zilizopanguliwa na kuchanganywa. Sahihi ni "I mixed up the two files." Na anayetaka kusema amechanganyikiwa aandike "I am confused". "I am mixed" humweleza mtu mwenye wazazi wa asili tofauti.

*Mahali pake:* popote. Neno hili hudharauliwa kwa sababu tulilijua tukiwa shule ya msingi, na dharau hiyo si haki. Katika kemia ya sekondari "mixture" ni istilahi kamili: ni vitu vilivyokaa pamoja bila kuungana kikemikali, ambavyo unaweza kuvitenga kwa kuchuja au kuchemsha. Shule yenye wavulana na wasichana ni "mixed school"; "blended" au "merged" haziwezi kushika nafasi hiyo.

Linamfaa anayeandika maelekezo ya upishi, ujenzi au dawa, na yeyote asiyetaka kudai zaidi ya kile anachokijua. "Mingle" linamfaa anayeandika kuhusu watu, sauti au harufu zilizokutana bila kupotezana.

Blend

*Kinachobaki:* kitu kimoja chenye sifa za vyote, na mpaka kati yao hauonekani tena. Kachumbari una-"mix": nyanya iko, kitunguu kipo, pilipili ipo, na mtoto asiyetaka kitunguu atakiokota na kukiweka pembeni ya sahani. Embe na parachichi ukizitia kwenye blenda, una-"blend": ladha zote mbili zipo kinywani, lakini hakuna kijiko kitakachozitenga.

Kuna jambo jingine ndani ya neno hili ambalo kamusi fupi huliacha, nalo ni kusudi. Anayefanya "blend" amepima akitafuta matokeo fulani. Mfano mzuri uko Mombasa, kwenye mnada wa chai, ambako chai ya Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Tanzania huuzwa kwa wanunuzi wa nje. Wengi wao hawaipakii ilivyo. Huchukua chai ya maeneo na misimu mbalimbali wakaichanganya kwa uwiano ili pakiti ya Januari na ya Agosti ziwe na rangi ile ile na ukali ule ule. Kazi hiyo inaitwa "blending". Ukiandika kwamba kampuni "mixes teas", msomaji wa biashara hiyo atakuelewa, ila atasikia kama ghalani kuna mtu aliyemwaga magunia pamoja.

*Mwelekeo:* sawa kwa sawa, isipokuwa ukiongeza "into". "Blend into" ni kuingia kwenye mazingira hadi usionekane, kama kinyonga kwenye jani.

*Sarufi:* "blend A with B", "blend A and B", "blend into", "blend in". Hili la mwisho linasumbua kwenye barua za maombi ya kazi. Sentensi kama "I can easily blend with people of different cultures" nakutana nayo mara kwa mara. Mwandishi anataka kusema anaelewana na watu wote. Mwajiri wa Uingereza au Kanada anasoma kwamba huyu mtu anajua kujificha kwenye umati. "I work well with people from different backgrounds" inatosha.

*Mahali pake:* vyakula, vinywaji, rangi, manukato, muziki na mitindo. Katika elimu kuna "blended learning", yaani masomo ya darasani pamoja na ya mtandaoni. Hilo limeshakuwa jina rasmi, liache kama lilivyo.

Linamfaa anayeandika lebo au tangazo la bidhaa, na anayehakiki sanaa. Halifai taasisi: "Our two offices were blended" haisomeki vizuri.

Combine

*Kinachobaki:* kila kitu kinabaki na jina lake, lakini sasa vinafanya kazi pamoja. Asili yake ya Kilatini inahusu kuweka vitu viwili viwili, na harufu hiyo bado ipo. Aliyesoma kidato cha tano Tanzania analijua neno hili hata kama hajawahi kulifikiria: tahasusi tunaiita "kombi", PCB (fizikia, kemia na baiolojia) au HGL (historia, jiografia na Kiingereza), na kwenye kombi fizikia haigeuki kuwa kemia. Yanabaki masomo matatu, yanafundishwa vipindi tofauti, yanatahiniwa kwa karatasi tofauti, na nguvu yake iko katika kuwa pamoja.

*Mwelekeo:* sawa kwa sawa kabisa.

*Sarufi:* "combine A with B" au "combine A and B". Lina pia muundo mzuri unaotumiwa kidogo na watu wetu: "combine to" kisha kitenzi, pale sababu mbili zinapozaa tokeo moja. "Drought and high fuel prices combined to push up the price of maize." Sentensi hiyo inamwokoa mwandishi wa ripoti kutoka kwenye aya nzima ya "due to the fact that". "Together" haihitajiki baada yake.

*Mahali pake:* ofisini na chuoni. Ni neno lisilo na rangi kali, na ndiyo faida yake. Wakati mtu ameandika "The trainings were amalgamated with field visits", mimi huweka "combined" na kuendelea na ukurasa.

Linamfaa mwandishi wa ripoti, mapendekezo ya mradi, tasnifu. Mshairi atalikuta kavu.

Join

*Kinachobaki:* vyote, pamoja na kiungo kati yao. Mbao mbili zilizopigwa misumari bado ni mbao mbili.

*Mwelekeo:* unaweza kuwa wowote. Mito inapokutana sawa unasema "The Kilombero and the Luwegu join to form the Rufiji." Mmoja anapomfuata mwingine: "She joined the company in 2018."

*Sarufi:* sentensi hiyo ya mwisho ndiyo mtego. Sisi tunajiunga *na* chuo, tunajiunga *na* chama, na ile "na" inapenya hadi kwenye wasifu: "I joined with the university", "I joined to the organisation". Ukiingia kwenye kundi, chuo, jeshi au kampuni, hakuna kihusishi: "I joined the university." Vitu vikiunganishwa kimoja na kingine, "to" inarudi: "Join the red wire to the red terminal." Na "join with" ipo, ila ni ya kushirikiana katika jambo: "The parents joined with the teachers to build the library."

*Mahali pake:* kila mahali.

Linamfaa fundi, mwandishi wa wasifu, na mwandishi wa habari za siasa pale mwanasiasa anapohamia chama kingine.

Unite

*Kinachobaki:* wahusika wanabaki, lakini wana nia au mamlaka ya pamoja. Ndani ya neno kuna "moja" ya Kilatini, na umoja huo ni wa mioyo na wa kisheria kuliko wa maumbile.

Historia yetu inatoa mfano ulio wazi kuliko wowote ninaoufahamu. Mwaka 1964 Mwalimu Nyerere alipigwa picha akichanganya udongo wa Tanganyika na wa Zanzibar kwenye chombo kimoja. Udongo ule kwa Kiingereza ni "mixed": ukishamiminwa huwezi kusema punje hii ya Unguja, ile ya Bara. Nchi zenyewe ni "united". Hati za Muungano zilitiwa saini Aprili 22 na zikaanza kazi Aprili 26, na Zanzibar imebaki na Rais wake, Baraza lake la Wawakilishi na mambo yake yasiyo ya Muungano. Mwandishi anayeweka "Tanganyika and Zanzibar merged in 1964" amegusa, pengine bila kujua, mjadala ambao Watanzania wanao hadi leo kuhusu nani alibaki na nini. Jina rasmi linasema "United". Andika hivyo hivyo.

*Mwelekeo:* sawa kwa sawa, walau kwa heshima.

*Sarufi:* "unite A and B", "unite with", "unite against", "unite behind". Hili la mwisho, la watu kusimama nyuma ya mtu au hoja, hutumika sana kwenye habari za uchaguzi.

*Mahali pake:* nchi, watu, wafanyakazi, hotuba, nyimbo za taifa. Ukiandika kwamba unataka "to unite two spreadsheets", umetumia bendera kufungia mzigo.

Linamfaa mwanahabari, mwandishi wa hotuba na mwanahistoria.

Merge

*Kinachobaki:* chombo kimoja. Kilatini chake ni kuzamisha, na ukilijua hilo hutalitumia ovyo tena. Kitu kinachofanya "merge" kinazama ndani ya kingine, au vyote vinazama ndani ya kipya.

Siasa za Afrika Mashariki zina aina zote mbili. Kenya, mwaka 1964, KADU ilijivunja na wabunge wake wakaingia KANU: "KADU merged into KANU." Jina moja lilifutika, jingine likabaki. Tanzania, Februari 5, 1977, TANU na ASP zote zilikoma na kikazaliwa Chama Cha Mapinduzi: "TANU and ASP merged to form CCM." Kihusishi kinabeba historia nzima; ukikosea hapo umepotosha tukio.

*Mwelekeo:* "into" inaonyesha nani kamezwa. "With" inaficha jambo hilo, na kampuni nyingi huipenda kwa sababu hiyo. Ukitaarifu kuhusu benki mbili zilizoungana, uliza kwanza jina gani litabaki mlangoni.

*Sarufi:* linakubali yambwa na linakubali kukosa yambwa. "Merge together" haina haja. "Merge" peke yake imeshasema pamoja.

*Mahali pake:* biashara, sheria, barabara kuu pale njia mbili za magari zinapogeuka moja, na kompyuta. Kwenye Excel ukichagua seli nne zenye maandishi na kubonyeza "Merge", programu hubakiza yale ya seli ya juu kushoto na kuyatupa mengine. Wengi wamepoteza majina kwenye orodha ya malipo kwa kudhani "merge" itayaunganisha majina yote ndani ya seli moja. Neno lilikuwa limewaonya.

Linamfaa mwandishi wa habari za biashara, mwanasheria, na yeyote anayeshughulika na mafaili. Kwa mapishi au hisia, liweke kando.

Fuse, amalgamate, coalesce

Haya matatu nayapitia pamoja kwa sababu hayahitajiki mara nyingi.

*Kinachobaki:* kwa "fuse", kitu kimoja kilichoyeyuka na kushikana, kama mifupa iliyounga au chuma kilichopita motoni. Asili yake ni kumimina na kuyeyusha. Kwa "amalgamate", chombo kimoja kikubwa kilichokusanya vidogo. Kwa "coalesce", umbo moja lililojijenga polepole lenyewe.

*Mwelekeo:* sawa kwa sawa kwa yote matatu, ila "coalesce" haina mtendaji wa nje.

*Sarufi:* "fuse A with B", "amalgamate with", "coalesce into" au "coalesce around". Hili la mwisho halitaki yambwa: matone yana-"coalesce", hakuna anaye-"coalesce" matone.

*Mahali pake:* "fuse" ni ya sayansi, tiba, umeme na muziki unaokutanisha mitindo. "Amalgamate" ilitoka kwenye zebaki: wachimbaji wadogo wa Geita na kwingineko huitumia kunasa chembe za dhahabu, na donge linalopatikana ndilo "amalgam". Kisha huichoma, zebaki inapaa kama mvuke wenye sumu kali, dhahabu inabaki. Nje ya migodi, "amalgamation" ni neno la vyama vya ushirika na mashirika. "Coalesce" ni ya mawazo, makundi na sayansi ya vimiminika.

Yanamfaa aliyeitwa nayo na fani yake. Asiyeitwa ana "combine" na "join".

Spread na disseminate

Hapa tunatoka kwenye vitu vinavyokutana na kuingia kwenye kitu kimoja kinachosambaa ndani ya kingine.

*Kinachobaki:* kinachosambaa kinazidi, kinaposambaa panabaki palepale.

*Mwelekeo:* kutoka penye kitu kwenda pasipo nacho.

*Sarufi:* "spread through" ni kupita ndani, kama moto kwenye soko. "Spread across" ni kutanda juu ya eneo. "Spread to" ni kufika mahali papya. Kitenzi hakibadiliki kwa wakati uliopita, na "spreaded" ifutwe popote inapoonekana. "Disseminate" inataka mtendaji na yambwa: mtu ana-"disseminate" matokeo ya utafiti. Kilatini chake ni kupanda mbegu, kwa hiyo anayelitumia anadai kwamba kuna aliyekusudia na kugawa.

*Mahali pake:* "spread" ni ya moto, magonjwa, uvumi, dini, siagi. "Disseminate" ni ya mashirika na vyuo. Mapendekezo ya miradi yamelijaa, na mara nyingi "share" lingetosha.

"Spread" linamfaa kila mtu. "Disseminate" linamfaa anayejibu fomu ya mfadhili yenye kipengele chenye jina hilo.

Permeate na pervade

*Kinachobaki:* kilichoingia kiko kila sehemu ya kilichoingiliwa, wala hukioni kimekaa wapi.

*Mwelekeo:* wa upande mmoja. Kimoja kinapenya, kingine kinapenyewa. Tofauti yao ni njia. "Permeate" hupita kwenye vitundu: maji kwenye mchanga, gesi kwenye utando, harufu kwenye nguo. Mwanafunzi wa baiolojia amelikuta katika "semi-permeable membrane", utando unaopitisha baadhi ya vitu na kuzuia vingine. "Pervade" haijali vitundu. Inasema tu kwamba kitu kimejaa mahali pote.

Simama kwenye ghala la karafuu Unguja wakati wa msimu. Harufu iko kwenye magunia, kwenye kuta, na ukitoka iko kwenye shati lako. "The smell of cloves permeated our clothes" ni sahihi, kwa sababu imeingia ndani ya nyuzi. "The smell of cloves pervaded the warehouse" nayo ni sahihi, kwa sababu imejaa jengo. Ukizibadilishana, sentensi ya kwanza ndiyo itakayoumia zaidi: "pervaded our clothes" haikai.

*Sarufi:* yote mawili huchukua yambwa moja kwa moja. "Permeate" inaweza pia kuvumilia "through": "Water permeates through the sand." "Pervade" haitaki kihusishi katika kauli ya kutenda, "pervade into" ni kosa, na katika kutendwa ni "pervaded by".

*Mahali pake:* "pervade" mara nyingi huja na mambo mazito: hofu, rushwa, ukimya. Kivumishi "pervasive" ndicho kizito zaidi, na msomaji akikiona hutegemea jambo baya. Ukiandika "the pervasive generosity of the villagers" utamshtua. "Permeate" hubeba mema na mabaya bila shida.

Yanamfaa mtafiti, mwandishi wa hadithi na mchambuzi wa jamii. Ukiongelea mwanga au rangi iliyotanda, kama anga la magharibi jioni, jirani yao "suffuse" ndiyo yenye zamu: "The sky was suffused with pink."

Infuse, imbue, instil

*Kinachobaki:* kile cha mwanzo, kikiwa na sifa mpya ndani yake. Maji yanabaki maji, ila sasa yana ladha ya tangawizi.

*Mwelekeo:* wa upande mmoja, na kuna anayetia. Hilo ndilo linalolitenga kundi hili na "permeate", ambapo kitu hupenya chenyewe.

*Sarufi:* nakaa hapa kidogo kwa sababu walimu na waandishi wa mitaala huanguka hapa kuliko mahali pengine. "Infuse" ina milango miwili: "infuse the lesson with local stories" na "infuse local stories into the lesson", zote sawa. "Imbue" ina mlango mmoja tu: mtu kwanza, kisha sifa, kwa "with". "The school imbues pupils with discipline." Kinyume chake, "imbue discipline into pupils", huonekana sana na si sahihi. Anayetaka kuanza na sifa atumie "instil": "The school instils discipline in its pupils." Wamarekani huandika "instill".

*Mahali pake:* "infuse" ni ya chai, mafuta, dawa na mtindo wa sanaa. "Imbue" na "instil" ni za malezi na maadili; "imbue" ina sauti ya juu kidogo.

Yanamfaa mwalimu, mzazi anayemwandikia mkuu wa shule, mwenye mgahawa anayeandaa menyu.

Kwa hali yako

Unaandika wasifu au barua ya kazi: "join" bila kihusishi kwa mahali ulipofanya kazi, "combine" kwa ujuzi wako. "I combine field experience with data skills" inaeleweka Nairobi, Muscat na Toronto bila maelezo zaidi.

Unaandika ripoti ya mradi: "combine" kwa shughuli, "spread" kwa mabadiliko yaliyofika vijiji vingine, "merge" kama tu ofisi moja ilifungwa na kuingizwa nyingine.

Unaandika lebo ya viungo vya pilau, sabuni au kahawa: "blend" kama umepima na kusaga pamoja, "mix" kama mnunuzi ataona vipande, "infused with" kama kiungo kimetia harufu tu na chenyewe kimetolewa. Mteja ana haki ya kujua ni kipi kati ya hivyo anachonunua.

Unatafsiri habari za siasa: tafuta kwanza nani alibaki na jina, nani alibaki na mamlaka. Wote wakibaki, "unite" au "form an alliance". Mmoja akitoweka, "merge into". Wote wakitoweka, "merge to form".

Unaandika hadithi au shairi kwa Kiingereza: hapa ndipo "mingle", "permeate" na "suffuse" zinapopumua. Chagua moja kwa ukurasa. Zikifuatana, msomaji huanza kuliona kamusi lako.

Unaandika tasnifu ya sayansi: tumia istilahi ya fani yako hata kama imejirudia mara kumi kwenye ukurasa mmoja. "Mixture" isigeuke "blend" kwa ajili ya kuepuka kurudia.

Unaandika mkataba au katiba ya chama: fuata neno la sheria yenyewe. Sheria ya Ushindani ya Tanzania ya 2003 na ile ya Kenya ya 2010 zinasema "merger"; sheria ya vyama vya ushirika ya Kenya inasema "amalgamation". Ukishachagua, rudia neno hilo hilo kutoka kifungu cha kwanza hadi cha mwisho. Mahakamani maneno mawili tofauti huchukuliwa kuwa mambo mawili tofauti, na upande wa pili una wakili anayesoma kila mstari.